Mambo ya Nyumbani: Tangi Kwanza, Lango Baadaye

Karani mmoja wa Kitengela ameniandikia barua ya kurasa tatu, na kwa kuwa swali lake ni swali la watu wengi nimeona yafaa nilijibu hapa mbele ya wote, pasipo kulitaja jina lake. Asema kwamba mwezi wa Januari yeye na mke wake walihamia katika nyumba yao wenyewe, nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu, waliyoijenga kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo juu ya kiwanja cha futi 50 kwa 100. Wana binti mmoja wa umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Nyumba imekwisha, na fedha nazo zimekwisha. Imebaki akiba kidogo ambayo yatosha kazi moja tu. Mume ataka lango la chuma. Mke ataka marumaru sakafuni na dari sebuleni. Tena mama yake mume, ambaye alikaa nao majuma mawili, ataka seti ya makochi, maana aliona haya wageni walipokalishwa juu ya viti vya plastiki. Basi waniomba mimi niwe mwamuzi.

Kwanza nawapa hongera. Si jambo dogo kwa vijana wasiofika miaka 30 kulala chini ya bati lao wenyewe, na kila mtu aliyewahi kupanga chumba ajua jinsi mwisho wa mwezi unavyofika upesi kuliko mshahara. Lakini baada ya hongera hiyo nasema wazi kwamba wote watatu wameshindwa kesi. Aliyeshinda ni yule wa nne, ambaye hakuulizwa shauri kwa sababu bado hajui maneno ya kutosha kulieleza.

Yafaa tukumbuke kwamba nyumba ya mjini hapa Kenya, hapo mwanzo, haikukusudiwa mtoto. Wakati wa ukoloni mfanyakazi Mwafrika wa Nairobi alihesabiwa kuwa mtu mmoja mwenye kitanda kimoja, na mshahara wake ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu asiye na mke wala watoto. Watu wake walidhaniwa kwamba watalishwa na shamba huko nyumbani. Ni ile kamati ya Bw. F. W. Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika na kutoa ripoti mwaka 1954, iliyosema kwamba mshahara yapasa umtoshe mtu pamoja na mke wake na watoto wake. Miaka 21 baadaye, yaani 1975, ukaanza mpango wa Dandora kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja karibu 6,000 viligawanywa, kila kimoja kikiwa na maji na choo, na mwenye kiwanja akajijengea vyumba kidogo kidogo kadiri ya mfuko wake. Mpango huo ulikuwa na matatizo yake, wala sisemi kwamba Dandora ni peponi. Lakini tazama ulianza na nini. Ulianza na bomba na choo, na lango kila mtu akajitafutia baadaye.

Katika barua ya ndugu yetu huyu kuna mstari mmoja aliouandika kwa haraka, kama mtu apitaye njia. Asema: maji hatuna taabu, kwa sababu jirani ana kisima kirefu cha mashine na hutuuzia kwa mtungi, ni maji meupe kabisa, ila yana ladha ya chumvi kidogo. Mstari huo ndio ulionifanya niiweke kando barua nyingine zote za juma hili.

Nchi yote iliyo karibu na Bonde la Ufa imelala juu ya mawe yaliyotoka katika volkano. Maji yakikaa chini kwa miaka mingi huyeyusha madini ya mawe hayo, na mojawapo ya madini hayo ni floraidi. Floraidi ikiwa kidogo hulinda meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Ikizidi, huyaharibu meno yale yale, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, na Kenya hufuata kiasi hicho. Kuna visima vingi katika sehemu za Nakuru, Naivasha, Athi River na Kajiado ambavyo hupita kikomo hicho, vingine mara kadhaa. Ng'ambo ya mpaka, katika sehemu za Arusha na Meru, mambo ni hayo hayo. Wasomaji wengi wamekwisha kuona mtu akicheka, meno yake yakaonekana ya rangi ya kahawia kama yaliyopakwa chai, wakasema: huyu amekulia upande fulani. Walisema kweli. Si uchafu, wala si uvivu wa mswaki. Ni maji aliyokunywa akiwa mtoto mdogo.

Hapo ndipo umri wa binti huyu unapokuwa jambo kubwa. Meno ya kudumu ya mbele hutokea mtoto akiwa na miaka sita, saba au minane, lakini hujengwa ndani ya ufizi siku nyingi kabla ya kutokea. Gamba lile gumu jeupe la nje hufanyizwa hasa mtoto akiwa kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu, na floraidi nyingi ikimfikia wakati huo gamba hutoka na madoa, au hutoka laini likamomonyoka. Meno mengine ya kudumu hufuata, hata karibu mwaka wa nane. Mtu mzima akihamia Kitengela na meno yake yakiwa yamekwisha kukamilika hayatabadilika rangi kwa maji ya kisima. Baba na mama watakunywa maji hayo hayo katika kikombe kile kile, wasione dalili yo yote katika vinywa vyao, na mtoto atakuwa anaandikiwa hesabu.

Tena hesabu hiyo haionekani leo. Binti atacheka kwa meno yake meupe ya utotoni, na wazazi watasema kwamba mwandishi wa gazeti aliwatisha bure. Atakapoingia shule na meno mapya kutokea, ndipo watakapojua, na wakati huo hakuna mswaki wala majivu wala dawa ya dukani itakayoyarudisha. Yuko daktari wa meno awezaye kuyafunika, kwa gharama, mtoto akiwa amekwisha kuwa mkubwa. Nimefanya kazi pamoja na mtu mzima, msomi, hodari katika kazi yake, ambaye kila akicheka hufunika kinywa kwa mkono. Twajua sababu, wala hatumwulizi.

Akina mama wengi hunijibu: sisi twachemsha maji. Vema, wala wasiache, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. Lakini floraidi si kijidudu, haifi. Maji yakichemka, mvuke huondoka na madini hubaki katika sufuria, kwa hiyo maji yaliyochemshwa sana yana floraidi nyingi zaidi kwa kila kikombe kuliko yalivyokuwa kisimani. Kuyachuja kwa kitambaa au kuyaacha yatulie hakusaidii, wala dawa ya kutia katika mtungi haiondoi. Ladha nayo si shahidi wa kutegemewa: maji ya chumvi huenda yasiwe na floraidi nyingi, na maji matamu huenda yakawa nayo. Njia ya kujua ni moja, kupima.

Basi, ndugu yangu, fedha ya kwanza kutoka katika akiba yako ni ada ya kupimiwa maji. Chukua chupa safi ya plastiki, si ya kioo, kwa sababu floraidi huweza kushikamana na kioo na kuharibu kipimo. Isuuze mara tatu kwa maji yale yale ya kisima, kisha ijaze, uifunge, uandike juu yake mahali na siku, na uipeleke katika maabara ya maji. Ziko Nairobi, nawe wafanya kazi Nairobi. Waambie kwamba wataka kipimo cha floraidi, kwa maana usipotaja watakupimia vijidudu peke yake na kukuambia maji ni mazuri. Jirani mwenye kisima huenda ana karatasi ya kipimo tangu siku kisima kilipochimbwa. Mwombe kwa adabu akuonyeshe. Ukikuta kwamba kiasi ni chini ya 1.5, nunua lango lako, nami nitakuwa wa kwanza kukupongeza.

Kikiwa juu, dawa yako iko juu ya kichwa chako. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, nawe umekwisha kununua kitu cha kuyakinga, yaani paa. Hesabu yake ni rahisi hata kwa mtoto wa darasa la tano. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji. Nyumba ya vyumba vitatu haikosi mita 60 za mraba za paa. Tuseme mvua ya mwaka ni milimita 600, ambayo si nyingi: hiyo ni lita 36,000. Toa sehemu moja katika tano kwa yale yanayomwagika na kukauka, hubaki zaidi ya lita 28,000. Nayo matumizi? Watu watatu na msaidizi wa nyumbani hawamalizi mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, kwa kunywa na kupika tu; kwa mwaka ni lita 7,300. Maji ya kuoga, ya kufua na ya kupiga deki yaendelee kutoka kisimani, hayana dhara.

Kwa hiyo taabu si uchache wa mvua. Taabu ni kwamba mvua huja mara mbili kwa mwaka na sisi twanywa kila siku. Kutoka mwisho wa Mei, mvua za masika zikikoma, hata mwisho wa Oktoba ni siku kama 150. Kwa mtungi mmoja kila siku hizo ni lita 3,000. Tangi la lita 5,000 latosha na kubaki, hata mvua za vuli zikichelewa mwezi mzima. Bei sitaitaja, kwa sababu bei ya juma hili si bei ya juma lijalo; lakini mwulize fundi wako bei ya lango lile la chuma lenye maua na mikuki juu, kisha mwulize bei ya tangi na mifereji ya bati, uone mwenyewe ipi ni kubwa.

Mambo machache ya kuangalia. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe imwagike, maana huosha vumbi na mavi ya ndege. Mdomo wa tangi ufungwe kwa wavu mwembamba ili mbu wasizaliane, na kifuniko kiwe cha kufungwa kwa kufuli. Maji yenyewe yachemshwe au yatiwe dawa kabla mtoto hajayanywa, kwa sababu kutokuwa na floraidi si sawa na kutokuwa na vijidudu. Yale yanayofurika yaongozwe kwa mfereji mpaka mbali na ukuta. Hili la mwisho nalisisitiza kwa watu wa Kitengela kuliko wengine, kwa sababu ya ule udongo wao mweusi. Udongo huo ukilowa huvimba, ukikauka hujikunja na kupasuka nyufa za kutosha kuingiza mkono, na nyumba iliyo juu yake hupandishwa na kushushwa kila mwaka. Fundi mwaminifu huuchimba wote hata afike penye mwamba au ardhi ngumu, akajaza kifusi cha changarawe nyekundu na kukishindilia. Lakini hata kwa msingi mzuri, maji yakituama upande mmoja wa nyumba na upande wa pili ukikauka, ukuta utapasuka, kwa kawaida kuanzia pembe ya dirisha.

Kama tangi haliwezekani mwaka huu, kiko kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwa kipimo maalumu, nao mkaa wake hunasa floraidi; huko Nakuru vichujio hivi vimetengenezwa kwa miaka mingi. Ni kitu kizuri, ila mkaa huchoka baada ya muda na lazima ubadilishwe, na mtu asiyebadilisha anakunywa maji yale yale huku akijidanganya. Jambo jingine: magadi ya kulainishia maharagwe na mboga mara nyingi yana floraidi nayo, na majani ya chai pia. Mtoto wa umri huu hahitaji chai. Mpe maziwa, na maharagwe yake yalainishwe kwa kulowekwa usiku kucha. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele juu ya mswaki, kwa kuwa bado hajui kutema.

Nimekaa sana katika maji, na nilikusudia hivyo. Mengine nitayapitia upesi zaidi.

Mtoto anayeanza kutembea huishi katika nchi ambayo sisi hatuioni, nchi iliyo chini ya meza. Mke wa ndugu yetu, kama wake zetu wengi, huenda amefuma vitambaa vizuri vya kufunika meza, redio, kochi na kila kitu kisichoweza kukimbia. Sina ugomvi na vitambaa. Lakini kitambaa kinachoning'inia pembeni mwa meza ni kamba mkononi mwa mtoto, na juu ya kitambaa huwa pana chupa ya chai au bakuli la uji wa moto. Mpaka atimize miaka minne, kitambaa kikae juu ya redio.

Jiko la makaa lisikae sakafuni. Kwa mifuko miwili ya saruji na mawe yaliyobaki ya ujenzi, fundi aweza kujenga meza ya kupikia yenye urefu wa kiuno cha mama. Ni afadhali kuliko marumaru, na mgongo wa mama utashukuru. Katika baridi ya Juni na Julai watu huingiza jiko lenye makaa chumbani ili mtoto apate joto, wakafunga madirisha. Hewa ya makaa yasiyopata upepo haina harufu, na imewaua watu wengi usingizini. Blanketi la pili ni rahisi zaidi. Mafuta ya taa, na dawa za kunyunyizia mimea kwa wale wenye mashamba, zisitiwe kamwe katika chupa ya soda, kwa kuwa mtoto hajui kusoma wala hanusi kwanza. Akiisha kunywa mafuta ya taa asitapishwe, maana yakipanda huingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na ile chupa. Shimo la maji taka lifunikwe kwa zege, lisifunikwe kwa mabati yaliyokazwa kwa mawe. Ndoo ya kufulia imwagwe mara kazi inapokwisha. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akitangulia kichwa katika ndoo hawezi kujiinua, hata maji yakiwa machache.

Na kuhama kwenyewe kuna hasara moja ambayo watu wengi hawaitambui mapema. Chanjo ya surua hutolewa mara mbili, akiwa na miezi tisa na tena akiwa na miezi 18. Familia ikihama katikati ya tarehe hizo mbili, kliniki ya zamani iko mbali, kliniki mpya bado haijulikani iko wapi, na kitabu cha kliniki kimo katika sanduku ambalo halijafunguliwa. Binti huyu amefika miezi 20. Fungueni sanduku leo jioni, mtazame kama sindano ya pili imeandikwa. Isipoandikwa bado haijachelewa. Matone ya vitamini A nayo hutolewa kila miezi sita hata atimize miaka mitano.

Sasa kwa habari ya lango, ili nisionekane nimelidharau. Lango lina kazi moja ya haki, nayo ni kumzuia mtoto asitoke barabarani penye pikipiki. Kazi hiyo yafanywa vema na lango la mbao lenye komeo la juu, na ua wa kayaba ambao hukua wenyewe na hakuna mwizi aupendaye. Lile la mikuki lina kazi nyingine, ya kuwaambia wapitao kwamba humu ndani kuna mtu. Baada ya miaka mitatu mikopo itakuwa imepungua, watu wataambiwa.

Kuhusu deni lenyewe, ndugu yetu ataja kwamba chama chake kiko tayari kumwongezea mkopo wa makochi, "kwa kuwa mshahara bado wakubali." Mshahara hukubali mambo mengi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara, yaani yakulinda usirudi nyumbani mikono mitupu. Lakini sheria hiyo haikusema kwamba theluthi moja yatosha kulea. Mimi ningemwambia kila kijana mwenye nyumba mpya afanye hesabu kwa upande wa pili: aandike kwanza maziwa, mayai, nauli, msaidizi, na fedha ya homa ya ghafula ya usiku, halafu atazame kilichobaki ndicho achukulie deni. Mama mzazi apewe kiti chenye mto. Akija tena na kumkuta mjukuu ana afya, hatauliza habari za makochi. Na akiuliza, ataulizia pia mtatembelea lini kule nyumbani, jambo ambalo kwa kweli ndilo lililomleta.

Limebaki neno moja ambalo ameliandika mwisho kabisa, chini ya jina lake, kama vile watu waandikavyo jambo zito. Asema hati ya kiwanja iko kwa jina lake peke yake, kwa sababu siku ile ya kununua mke alikuwa amejifungua karibuni na hakuweza kwenda kwa wakili. Aniuliza kama kuna haraka.

Kuna haraka. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yazuia nyumba wanamokaa mume na mke isiuzwe wala kuwekwa rehani pasipo ridhaa ya wote wawili, hata kama hati ina jina la mmoja. Hiyo ni ngao nzuri wote wakiwa hai. Lakini mume akifa na hati ina jina lake peke yake, mjane hana budi kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi kabla hajaweza kufanya lo lote kwa kiwanja hicho, na shauri hilo huweza kuchukua miezi mingi, huku ndugu wa marehemu wakianza kukumbuka kwamba nao walichangia mabati. Hati ikiandikwa kwa majina yote mawili, kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika, mmoja akifariki mwenziwe hupeleka cheti cha kifo katika ofisi ya ardhi, jina la marehemu likafutwa, na nyumba ikabaki kwa aliye hai, bila kesi. Angalieni maneno: pamoja usiogawanyika. Yakiandikwa mafungu, nusu kwa nusu, fungu la marehemu litarudi katika mirathi. Wakili aijua tofauti hiyo, ila mara nyingi haisemi asipoulizwa.

Kwa kuwa nyumba ilijengwa kwa mkopo, aulize pia chamani kama mkopo wake una bima ya kulilipa deni akifa, na bima hiyo ina kikomo gani, apewe jibu kwa maandishi. Kisha waende kwa wakili wote wawili siku moja, na vitambulisho vyao, picha, hati yenyewe na cheti cha ndoa. Kama hakuna wa kumwachia mtoto, waende naye, na chupa yake ya maji ya mvua.